Kimetengenezwa juzi, kimeungua tena: kutafuta kilichounguza kabla ya kubadilisha kilichoungua

Kipuri kilichoungua huonekana kwa macho. Kilichokiunguza mara nyingi hakionekani, na wala hakimo ndani ya kifaa. Ndiyo maana friza ileile hurudi kwa fundi mara kwa mara ikibadilishwa rilei ileile, mpaka mwenye nayo anaapa kwamba friza za siku hizi hazifai. Huenda friza haina kosa lolote. Kosa limo kwenye waya wa mita 30 uliotoka nyumba ya jirani.

Dalili zilizopangwa hapa ni zile zinazosumbua zaidi Mwanza na mwambao wa ziwa, kuanzia vibanda vya samaki hadi sebuleni. Njia ya kutafuta ni moja kwa zote: anza nje, ingia ndani. Kwanza umeme unaofika, kisha viungo vya waya, kisha joto, kisha unyevu na wadudu, na mwisho kabisa kipuri chenyewe. Fundi anayeanza na chuma cha kulehemu ameanza mwisho.

Kabla ya kufungua chochote

Vifaa vinavyotosha ni multimita inayosoma AC hadi volti 600, mita ya kubana waya ya kupimia ampia, tochi, na balbu ya kizamani ya nyuzi ya wati 60 au 100. Balbu hiyo iunge mfululizo na kifaa unachokitilia shaka. Ikiwaka kwa nguvu yake yote, ndani kuna shoti. Ikimweka mara moja kisha ikafifia, kapasita kubwa imejaa na shoti haipo. Balbu za aina hii zinaadimika madukani siku hizi, kwa hiyo ukiipata nunua mbili.

Zima, chomoa, subiri. Pawasaplai ya TV au ya chaja hugeuza AC 230 kuwa DC ya volti 325 hivi, na chaji hiyo inaweza kubaki kwenye kapasita dakika kadhaa baada ya plagi kutoka. Itoe kwa rezista ya kilo-omu 1 hadi 2 ya wati 10, halafu pima hadi usome chini ya volti 10. Mtindo wa kupiga shoti kwa bisibisi huumiza kapasita na kuchimba bodi. Mikrowevu iache kabisa kama hujafunzwa: kapasita yake hubeba zaidi ya volti 2,000. Kilichoko kabla ya mita ya LUKU ni cha TANESCO, na nyaya za nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Ukichomeka pasi, taa nyingine zinazidi kung'aa

Hii ndiyo dalili isiyosubiri kesho. Zima swichi kuu sasa hivi, kisha endelea kusoma.

Taa kufifia pasi inapochomekwa ni jambo linaloeleweka. Kuzidi kung'aa si la kawaida hata kidogo. Maana yake nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imelegea au imekatika mahali fulani, ama kwenye nyumba ya fazi tatu, ama mtaani ambako nyumba za fazi tofauti zinatumia waya mmoja wa nyutro. Nyutro ikiondoka, mizigo ya fazi mbili hujikuta imeungwa mfululizo kati ya volti 400. Upande wenye pasi au jiko hupata volti chache. Upande wenye TV, chaja na taa za LED, ambavyo hula umeme kidogo, hubebeshwa zilizobaki: 300, 330, hata zaidi.

Kapasita kuu ya pawasaplai nyingi imeandikwa 400 V. Umeme wa 230 ukipanda asilimia 10, yaani 253, kilele chake ni volti 358, na kapasita inastahimili. Ukifika 330, kilele ni 467. Hapo kapasita hupasuka, varista (kipuri cha kumeza mishtuko ya volti) hupasuka, fyuzi hukatika, na mwenye nyumba husema ni radi. Basi kumbuka: vifaa vitatu vya nyumba moja vikifa dakika moja, siku isiyo na mawingu, anza na nyutro.

Kuipima: soma volti kati ya kila fazi na nyutro, kisha washa mzigo mkubwa kwenye fazi moja tu. Mfumo usio na kosa hushuka volti chache upande huo, na pande nyingine karibu hazitikisiki. Moja ikishuka sana huku nyingine ikipanda, umeipata. Kwa nyumba ya fazi moja iliyo peke yake, nyutro ikilegea taa hufifia na kuchezacheza. Ikikatika kabisa, hakuna kinachofanya kazi lakini tesita ya bisibisi inawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi. Watu wengi hudanganyika hapo wakadhani umeme upo na taa ndiyo mbovu.

Mahali pa kutazama ni skrubu ya nyutro kwenye swichi kuu, kisha baa ya nyutro, kisha kiungo cha waya wa alumini wa nje na shaba ya ndani. Shaba na alumini zikisokotwa pamoja kwa mkono na kuzungushiwa tepu, alumini hufanya kutu nyeupe isiyopitisha umeme na kiungo huanza kupata moto. Kiungo chenye 0.05 Ω (omu) tu, kikipitisha ampia 30, huzalisha joto la wati 45 kwenye nafasi ndogo kuliko kidole gumba. Tumia kiungio cha metali mbili kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kiungo kikiwa juu ya nguzo, toa taarifa TANESCO, usipande.

Friza inasema "ta!", inanguruma kidogo, "ta!" tena, kimya

Mlio huo ni wa ovaload, kinga ya kompresa, inayojikata. Kompresa imejaribu kuanza ikashindwa, imepata joto, ikakatiwa umeme. Ikipoa kidogo inajaribu tena. Ukiiacha hivyo usiku mzima, asubuhi waya za ndani zimeungua na sasa unanunua kompresa.

Pima volti kwenye plagi wakati inapojaribu kuanza. Kipimo cha friza ikiwa kimya hakikuambii chochote: mita itasoma 225 na utaondoka umeridhika. Kompresa inayokula ampia 1.2 ikishatulia hutaka mara tano hadi nane ya hizo inapoanza. Volti zikianguka chini ya 190 hivi kwa sekunde hiyo, mota nyingi za friza hazipati nguvu ya kujizungusha.

Sasa tazama waya. Kibanda kinachovuta umeme mita 30 kwa waya wa 0.75 mm² wa shaba halisi kina 1.4 Ω kwenda na kurudi. Waya wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo huongeza karibu nusu tena: 2.1 Ω. Zidisha kwa ampia 10 za kuanzia, volti 21 zimepotea njiani kabla hujahesabu umeme wenyewe kuwa mdogo saa moja jioni. Waya huo utautambua kwa kukwangua uzi mmoja kwa wembe: ndani ni mweupe. Waya wa shaba wa 2.5 mm² kwa umbali huohuo hupoteza volti 4 hivi.

Waya ukiwa mzuri, uliza inagoma lini. Ikigoma tu umeme unapokatika na kurudi papo hapo, kompresa haijaharibika. Gesi bado ina shinikizo upande mmoja, na rilei ya PTC, ile ya kuanzishia kompresa ambayo hupitisha umeme ikiwa baridi tu, bado ina moto, haiwezi kupitisha umeme wa kuanzia. Dawa yake ni friji gadi iliyowekwa ichelewe dakika 3 hadi 5. Gadi haipandishi volti. Inakata na kusubiri tu. Penye umeme mdogo kila jioni unahitaji stebilaiza, na ukubwa wake uhesabiwe kwa umeme wa kuanzia: kwa kompresa ya wati 150, usishuke chini ya VA 1,000.

Rilei ya PTC ichomoe kwenye kompresa, itikise sikioni. Ikicheza kama njuga, kidonge cha ndani kimevunjika. Nzima ikiwa baridi husoma kati ya Ω chache na makumi kadhaa. Halafu pima pini tatu za kompresa. Jozi moja lazima iwe jumla ya zile mbili nyingine, kwa mfano 12, 18 na 30. Kati ya pini yoyote na bodi ya chuma mita isisome kitu. Ikisoma, kompresa imepiga shoti na ni hatari kuigusa.

Kuna chanzo kingine ambacho fundi hakipati kwa mita, nacho kinaua friza nyingi za mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Mtu anapakia kilo 40 za samaki wa joto kwa mkupuo. Kuwashusha kutoka nyuzi 25 hadi −18 ni kuondoa joto la takribani megajuli 15. Friza yenye uwezo wa kupoza wati 200 itafanya kazi saa 21 mfululizo bila kupumzika, na hapo hujafungua mfuniko hata mara moja wala hujahesabu joto linalopenya kutani. Friza ya nyumbani imetengenezwa kutunza kilichoganda, haikutengenezwa kugandisha shehena. Wapoze samaki kwa barafu kwanza, pakia kilo 8 hadi 10 kwa awamu, acha nafasi ya sentimita 10 nyuma, na usafishe koili ya nyuma kila mwezi. Magamba na vumbi la dagaa huiziba haraka.

Fyuzi inakatika

Soma fyuzi ya kioo kabla ya kuitupa. Kioo kimekuwa cheusi au cha fedha kote: shoti kali, kifaa kisiwashwe tena bila ile balbu ya mfululizo. Uzi umekatika katikati na kioo ni safi: mzigo umezidi taratibu, au fyuzi imechoka. Rudisha ileile, ampia zilezile na aina ileile ya haraka au ya kuchelewa. Uzi mmoja wa waya wa shaba uliochomolewa kwenye kebo si fyuzi. Utapitisha ampia za kutosha kuunguza bodi nzima kwanza, ndipo wenyewe ukatike.

TV ina sauti, picha hakuna. Au inachelewa kuwaka

Mulika tochi kwa pembeni kwenye kioo. Ukiona kivuli cha picha, bodi ni nzima. Taa za nyuma zimekufa. LED hizo zimepangwa mfululizo, moja ikikatika mstari wote unazima. Kubadilisha ile moja ni kununua siku chache, kwa sababu wenzake wameungua kwa joto lilelile. Badilisha ukanda wote, kisha ingia kwenye menyu ushushe mwanga wa nyuma hadi asilimia 50 au 60. TV nyingi hutoka kiwandani zikiwa juu kabisa ili zipendeze dukani.

TV inayomweka taa nyekundu na kuchelewa kuwaka, na kila wiki inachelewa zaidi, ni kapasita zilizokauka. Kichwa kilichovimba ni ushahidi, ila kapasita bapa kabisa inaweza pia kuwa imekufa; ipime kwa mita ya ESR, yaani ukinzani wa ndani wa kapasita. Unapobadilisha, chukua ya nyuzi 105, yenye ESR ndogo, mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi.

Swali la maana ni kwa nini zilikauka. Maisha ya kapasita ya aina hii hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Ile iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itaishi takribani saa 32,000 ikifanya kazi kwenye nyuzi 65, lakini kwenye nyuzi 85 ni saa 8,000 tu, yaani miezi 11 kwa kifaa kisichozimwa. Dekoda haizimwi. Ukiiweka kwenye kabati lililofungwa, juu yake TV, na juu ya vyote kitambaa cha kufuma, umeipa hizo nyuzi 20 za ziada kwa mkono wako. Kitambaa kikae kwenye kochi.

Asubuhi kinagoma, saa sita mchana kinafanya kazi

Ziwa Victoria ni maji baridi, kwa hiyo ile kutu ya chumvi inayokula vifaa vya Dar es Salaam na Tanga si tatizo kubwa hapa, isipokuwa mahali panapotiwa samaki chumvi. Adui wa huku ni unyevu ukichanganyika na vumbi na wadudu wa ziwani. Wadudu hao hupanda majini kwa makundi, hufuata mwanga usiku, na maiti zao hujaa ndani ya taa za nje, inveta zenye feni na vipoza hewa. Maiti hizo hunyonya unyevu wa usiku na kuwa njia ya umeme kati ya nukta mbili za bodi. Jua likipanda, zinakauka, kifaa kinapona. Fundi anakipokea saa tano, hakioni kosa, anakirudisha.

Safisha bodi kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Petroli na maji ya sabuni havifai. Ikaushe saa tatu au nne kwenye nyuzi 50 hadi 60, ndipo upake vanishi ya bodi. Ukipaka kabla haijakauka umefungia maji ndani, na kutu itaendelea chini ya vanishi bila wewe kuiona. Usipake swichi, viunganishi wala rilei za wazi.

Inveta ya ukutani iwekee wavu mbele ya feni, na taa kali ya usiku ihamishie mbali nayo. Taa ya rangi ya njano iliyokolea huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe. Wavu usafishwe kila wiki msimu wa wadudu. Wavu ulioziba ni mbaya kuliko kutokuwa na wavu. Ukifungua inveta utafute pia mjusi. Akipita kati ya nukta mbili zenye volti kubwa hufa yeye na transista pamoja.

Boksi la nje lililofungwa vizuri nalo huingia maji. Mchana hewa ya ndani hupanuka na kutoka, mvua ikilipoza ghafla hewa yenye unyevu hunyonywa ndani kupitia penye waya. Ingiza waya kutoka chini, uufanye uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili matone yadondoke, na toboa tundu la milimita 3 hadi 5 sehemu ya chini kabisa, ukiliziba kwa wavu mwembamba.

Taa za dagaa zinafifia kabla ya usiku wa manane

Tangu karabai zianze kuziachia LED nafasi, lawama zote zimehamia kwenye betri. Hesabu kwanza. Taa nne za wati 10 kwa volti 12 hula ampia 3.3; kwa saa 10 ni ampia-saa (Ah) 33. Betri ya risasi haitakiwi kushuka chini ya nusu kila usiku, kwa hiyo unahitaji Ah 70 zilizo hai, siyo betri ya gari ya Ah 45 iliyotumika miaka miwili.

Ikiwa hesabu imekaa sawa, pima betri ikiwa imepumzika saa chache bila chaji wala mzigo. Volti 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, 11.8 imekwisha. Kisha washa taa upime mara mbili, kwenye betri na kwenye taa. Tofauti ikizidi nusu volti, tatizo ni waya au vibano. Waya wa 2.5 mm² wenye urefu wa mita 6 hupoteza volti 0.84 ukipitisha ampia 10. Wa 6 mm² hupoteza 0.35. Vibano vya mamba vinavyotumika kwenye mitumbwi ni vya kujaribia tu. Weka vya boliti, vipake grisi.

Betri za wavuvi wa dagaa zina ugonjwa wao, nao unatokana na mwezi. Wakati wa mbalamwezi watu hawaingii ziwani, betri inawekwa ndani ilivyorudi, imekwisha nusu, na inakaa hivyo siku kumi. Betri ya risasi isiyojaa hujenga fuwele ngumu za salfeti kwenye bamba zake, na kila mbalamwezi inaondoka na sehemu ya uwezo. Ichaji ijae siku ileile inaporudi. Kontrola ya sola ipeleke hadi volti 14.4 ndipo ishuke 13.6 ya kutunza. Betri za jeli zinataka 14.1 hivi, siyo zaidi.

Radi, na ethi iliyowekwa juu ya mwamba

Ngurumo za ziwani huja sana usiku kuelekea alfajiri, watu wamelala na plagi zimechomekwa. Varista iliyo ndani ya kifaa hubeba mishtuko midogo kwa kujichakaza, na siku moja inapiga shoti. Ikibadilishwa, alama 431 ni ya AC 275 na 471 ni ya AC 300. Kwa umeme unaopanda na kushuka, 471 ina maisha marefu zaidi. Lakini TV ina mlango wa pili: waya wa dishi. Kuchomoa plagi ukaacha waya wa dishi ni kufunga mlango mmoja. Bodi iliyoungua upande wa HDMI au wa antena, huku pawasaplai ni nzima, imeingiliwa huko.

Kizuia mshtuko cha kwenye bodi ya breka kinahitaji waya mfupi, jumla isizidi sentimita 50. Kila mita ya waya, mshtuko mkali unapopita, huongeza karibu volti 1,000 juu ya zile ambazo kizuizi chenyewe kinaacha zipite. Na kinahitaji ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini.

Hapo ndipo Mwanza inapokuwa ngumu. Fundi anapigilia fimbo ya mita 1.2, inagonga jiwe kwenye sentimita 40, anaikata kilichobaki, anafukia, anaondoka. Au anaipitisha yote kwenye changarawe kavu ya Bugando au Capri Point. Kwa udongo mkavu wenye ukinzani wa 300 Ωm, fimbo ya mita 1.2 hutoa takribani 250 Ω. Waya mtupu wa shaba uliolazwa mita 20 kwenye mtaro wa sentimita 50 hadi 60, ukifuata udongo uliopo kati ya miamba, hutoa 30 Ω hivi. Kwenye jiwe, laza, usipigilie. Peleka mtaro upande ambako maji ya bafuni au ya paa huelekea. Chumvi usiweke: mvua inaiondoa, na kabla haijaondoka inakula shaba.

Kupima ethi kwa balbu ni kujidanganya. Balbu ya wati 100 ina Ω 530 hivi ikiwaka, kwa hiyo hata kwenye ethi ya 250 Ω bado itawaka. Tumia mita ya ethi. Tena hata ethi ya 50 Ω hupitisha ampia 4.6 tu waya wa moto ukigusa bodi ya friza, na breka ya ampia 32 haitaona kitu; friza itakaa na umeme mwilini ikimsubiri mtu mwenye miguu mibichi. Kwa hiyo kwenye nyumba za miamba RCD ya mA 30, ile breka yenye kitufe cha T inayokata umeme unapovuja, ni ya lazima. Bonyeza kitufe hicho kila mwezi. Isipojikata, haipo.

Kwa fundi kinafanya kazi, nyumbani hakifanyi

Ama kosa liko nyumbani, ama ni la kuja na kuondoka. La kwanza linamalizwa kwa kupima volti palepale kinapotumika, saa ileile kinapogoma. La pili mara nyingi ni lehemu iliyopasuka kwa duara kuzunguka mguu wa transfoma, soketi au kipuri kizito. Kifaa kikiwa kinafanya kazi, gonga bodi taratibu kwa mpini wa plastiki, kisha ipulizie joto la mashine ya kukaushia nywele sehemu kwa sehemu. Ukipata mguu wenye duara, nyonya lehemu ya zamani yote uweke mpya. Kuongeza juu hakudumu.

Kimetengenezwa, kimekufa ndani ya wiki

Vifaa hufa sana vikiwa vipya na vikiwa vizee, na kifaa kilichotoka kufunguliwa kinahesabika kipya: lehemu mpya, kipuri kipya, labda bandia. Kabla ya kumkabidhi mwenyewe, kiendeshe kwa mzigo saa nane, halafu kizime na kukiwasha mara 20 ukiacha kipoe katikati. Transista bandia nyingi huanguka hapo mezani kwako, na hilo ni jema kuliko kuanguka Sengerema. Ukubwa wa kapasita nao uushuku: ya 400 V yenye mikrofaradi 100 iliyo nyepesi kuliko ile uliyoitoa, huenda ndani ina kapasita ndogo iliyovishwa ganda kubwa.

Karatasi ya kifaa ikikuambia wastani wa saa 100,000 kati ya hitilafu, usimwahidi mteja miaka 11. Namba hiyo ni ya kundi: vifaa 100 vinavyofanya kazi mchana na usiku, tarajia tisa hivi viharibike kila mwaka kwa bahati mbaya tu, hata kabla ya uzee. Mwenye friza kumi sokoni ajue moja itamsumbua, awe na kipuri.

Daftari la fundi liwe na tarehe, dalili, volti zilizosomwa kifaa kikianza, hali ya hewa, mtaa, na kipuri kilichotoka. Kipuri kilekile kikitoka mara ya pili kwenye kifaa kilekile, usiweke cha tatu mpaka umeenda kupima nyumba. Wateja watatu wa mtaa mmoja ndani ya wiki moja ni habari ya kupeleka TANESCO.

Kwa mwenye kibanda cha samaki mbali na mjini, Ukerewe au Kome, akiba inayotosha ni rilei mbili za PTC na ovaload mbili za kompresa yake hasa, friji gadi moja ya ziada, fyuzi kumi za plagi za ampia 5 na tano za ampia 13, na mita mbili za waya wa 2.5 mm². Friza ya kawaida iwekewe fyuzi ya 5 kama mtengenezaji hakusema vingine. Ikiwa hiyo inakatika kila kompresa inapoanza, rudi kwenye kipimo cha volti za kuanzia kabla hujapandisha hadi 13.